Ziwa likilala: miaka minne ya kupiga picha za vivuli vya majini hapa Bukavu

MamaFoto_Nyawera (mwanzisha uzi)

Jambo wana jukwaa. Nimesoma humu miaka mingi bila kuandika, leo nimeona niandike.

Kazi yangu ni foto. Foto za paspoti, za kadi ya shule, za harusi, za ubatizo. Kibanda changu hakiko mbali na soko la Nyawera, na kwenye kartie watu wengi hawajui jina langu, wananiita Mama Foto tu. Ni kazi inayonilisha na ninaipenda, lakini ni kazi ya kumwambia mtu "inua kidevu, usicheke, tazama hapa". Siku nzima unatazama nyuso zilizokazwa.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa Novemba, nilikuwa nimeitwa kupiga picha za ndugu fulani waliokuwa wanaondoka na masuwa ya asubuhi kwenda Goma. Walichelewa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ikakatika kama saa kumi na moja. Nikasimama kwenye gati la mbao ambalo nimelikanyaga tangu nikiwa msichana wa kutumwa maji. Ziwa Kivu lilikuwa limelala kabisa. Vilima vya Rwanda ng'ambo vilikuwa viwili viwili, vya juu na vya chini, na jua lilikuwa halijapanda bado. Nikapiga mara tatu au nne, si kwa sababu ya ustadi wowote, ni kwa sababu nilikuwa na kamera mkononi na sina la kufanya.

Jioni nyumbani mtoto wangu wa miaka tisa alikuwa anazitazama kwenye kioo cha kamera. Akaniuliza: "Mama, hii nyumba ya ndege iko wapi?" Nikamwambia hakuna nyumba ya ndege. Akanionyesha. Kwenye kivuli cha gati, chini ya mbao, kulikuwa na kijumba cha tope kimegandamana na boriti, na mkia wa mbayuwayu umetokeza. Kwenye gati lenyewe, ile sehemu ya juu ya picha, hakionekani. Kilikuwa kwenye kivuli peke yake.

Kesho yake tulirudi wote wawili. Mtoto akalala kifudifudi, akachungulia chini ya mbao, na kweli kijumba kilikuwepo. Miaka yote hiyo nimepita juu ya vifaranga na sikujua.

Tangu siku hiyo ninaenda ziwani karibu kila Jumamosi asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Nilikuwa nadhani kivuli cha majini ni picha ileile iliyogeuzwa, kama mtu anavyogeuza karatasi. Siyo. Maji yanatazama kutoka mahali pengine, na yanaona vitu vyao. Nimekuta tumbo la mtumbwi lililopakwa rangi nyekundu ambayo juu haionekani. Nimekuta embe bichi nyuma ya majani. Nimekuta upande wa chini wa mawingu una giza kuliko nilivyodhani.

Niwaambie kidogo ninavyofanya, labda kuna anayetaka kujaribu.

Saa. Hapa kwetu jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, halichezi sana. Usiku hewa baridi inateremka kutoka milimani kwenda ziwani, mchana upepo unageuka unatoka ziwani kuja nchi kavu. Kati ya hizo pepo mbili kuna muda ambao hakuna hata mmoja. Huo ndio muda wangu. Mara nyingine unadumu nusu saa, mara nyingine dakika kumi. Saa tatu ikifika, vivuli vimevunjika na mimi niko njiani kurudi kazini.

Majira. Watu wengi hufikiri kiangazi ndicho kizuri kwa foto kwa sababu hakuna mvua. Mimi nasema hapana. Kuanzia Juni hadi Agosti vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa vinajaa hewani, ng'ambo yote inakuwa kama imefunikwa shashi, na upepo wa kusini-mashariki hauna huruma. Nipe asubuhi ya Oktoba au ya Aprili baada ya mvua kubwa. Hewa imeoshwa, unahesabu miti ya Cyangugu, ng'ambo kule Rwanda, mmoja mmoja, na ukitoka kidogo ziwani kwa mtumbwi unageuka nyuma unaona mlima Kahuzi na mita zake 3,308 umesimama safi.

Mahali. Bukavu tumepewa rasi zetu tano, kama mkono uliotiwa majini. Kati ya kidole na kidole kuna ghuba zilizokingwa, na humo maji yanatulia hata kama katikati ya ziwa kuna mawimbi. Sisemi ghuba gani ninayopenda zaidi, zunguka mwenyewe. Ila nasema hili kwa uzito: daraja la mpaka, bwawa la umeme, askari, bandari yenye shughuli zake, usielekeze kamera huko. Hata kama kivuli ni kizuri namna gani. Uliza kwanza, na ukiambiwa hapana, funga kamera, salimia, ondoka.

Jambo moja bado linanisumbua. Mara nyingi jani au ua huelea juu ya kivuli cha mlima na nataka vyote viwili viwe wazi. Havikubali. Jani likiwa wazi, mlima ni ukungu. Mlima ukiwa wazi, jani linapotea. Nimedhani lenzi yangu imeharibika, maana iliwahi kuanguka. Mwenye kujua anisaidie.

kijana_wa_Ibanda

Aksanti Mama Foto. Hiyo ya kijumba cha mbayuwayu nimeisoma mara mbili, halafu nikamsomea dada yangu.

Swali: mimi sina kamera, nina simu tu, tena si ya bei. Inawezekana?

MamaFoto_Nyawera

Inawezekana sana, mdogo wangu. Nusu ya picha ninazozipenda nimezipiga kwa simu.

Kwanza futa lenzi kwa kitambaa kikavu. Simu inakaa mfukoni na mafuta ya vidole, halafu tunalaumu simu. Pili, ukifika kwenye maji igeuze simu kichwa chini, ile lenzi iliyoko juu iwe chini karibu kabisa na maji, kimo cha kidole kimoja tu kutoka majini. Utashangaa. Hata kidimbwi cha mvua barabarani kinageuka ziwa. Tatu, gusa kioo mahali penye mwanga na ushikilie mpaka ifunge, halafu punguza mwanga kwa kuteremsha kidole. Mbingu ikichomwa na mwanga hairudi tena, ila giza unaweza kulipandisha baadaye.

Usivute karibu kwa vidole. Tembea.

Mwalimu_Fizikia

Mama Foto, heshima yako. Mimi nafundisha fizikia kwenye sekondari, na uliyoyaandika nimeyafundisha ubaoni miaka kumi na saba bila kuwapeleka wanafunzi ziwani hata mara moja. Mwezi ujao nitawapeleka.

Lenzi yako ni nzima. Tatizo la jani na mlima liko hivi: jani liko mita mbili mbele yako, kweli. Lakini mwanga wa mlima umesafiri kutoka mlimani mpaka majini, halafu kutoka majini mpaka kwako. Kwa lenzi, kivuli cha mlima kiko mbali kama mlima wenyewe, tena zaidi kidogo. Hakiko juu ya maji. Kwa hiyo unaiomba lenzi itazame mita mbili na kilometa tano kwa wakati mmoja. Ukifunga tundu la lenzi mpaka namba 11 au 16, vitakaribiana, ila kamera itahitaji muda mrefu zaidi na utaihitaji stendi. Simu ina lenzi fupi na jicho dogo, ndiyo maana kwenye simu shida hiyo haionekani sana.

Sasa kuhusu kijumba. Ukisimama na macho yako yako mita moja na nusu juu ya maji, kivuli unachokiona ni kile ambacho jicho lililoko mita moja na nusu *chini* ya uso wa maji lingekiona likitazama juu. Ni kana kwamba kuna mtu mwingine amesimama chini yako, nyayo zake zimegusa nyayo zako. Yeye anaona chini ya gati, wewe unaona juu. Ndiyo sababu kilima cha karibu kinaweza kuufunika mlima wa nyuma kwenye kivuli hata kama juu mlima unaonekana: yule wa chini yuko chini zaidi, kilima kinamzuia. Na kinyume chake pia kinatokea. Tawi linaloning'inia mbele yako linaweza kukuzuia wewe, lakini yeye linampita juu ya kichwa, anaona kilichoko nyuma yake.

Ukiinama mpaka lenzi ikaribie maji, ninyi wawili mnakaribiana, na picha mbili zinafanana. Ukisimama wima, mnaachana. Kwa hiyo anayetaka ulinganifu ainame, na anayetaka kuona ya chini asimame.

Jambo la mwisho, kiasi cha mwanga. Ukiyatazama maji wima kabisa chini ya miguu yako, yanarudisha karibu sehemu 2 tu katika 100 za mwanga, nyingine zote zinazama. Ukitazama kwa mlalo, mbali, yanarudisha karibu zote. Hiyo ndiyo sababu karibu unaona mawe na mbali unaona mbingu. Na kama una ile filta ya kukata mng'ao, jihadhari nayo: kwenye mlalo wa nyuzi kama 37 kutoka kwenye uso wa maji inaweza kukifuta kivuli chote. Kwa picha zako, iache nyumbani.

MamaFoto_Nyawera

Mwalimu. "Mtu mwingine amesimama chini yako, nyayo zake zimegusa nyayo zako." Nimeiandika kwenye daftari la kibanda. Miaka minne nilikuwa natafuta namna ya kulisema hilo.

Na filta nilikuwa nayo! Nilinunua kwa sababu niliambiwa ni ya kupigia picha za maji. Kumbe ndiyo iliyokuwa inaninyima.

mtoto_wa_Kadutu

Samahani, nitasema kitu ambacho labda hakitapendwa.

Mimi naishi Kadutu juu. Mvua unayoisifu kwamba inaosha hewa, kwetu inateremsha nyumba. Mifereji inajaa chupa na sasheti, zote zinakwenda kwenye ziwa lako, halafu zinakwenda kukusanyika mto Ruzizi kwenye mitambo ya umeme. Na baada ya yote tuliyopitia Februari 2025, vita vilipoingia mjini, kuna watu mpaka leo hawajalala usingizi. Mama, sikutukani. Nauliza kwa moyo. Unaona uzuri wapi? Na hizo chupa unazisogeza pembeni kabla ya kupiga?

MamaFoto_Nyawera

Mdogo wangu, umeuliza vizuri na nitakujibu bila kujificha.

Ndiyo, mwaka wa kwanza nilikuwa nazisogeza. Nilikuwa na fimbo kabisa. Nilitaka ziwa liwe kama kalenda. Siku moja mvuvi mzee alinitazama nikiisukuma chupa, akasema, "Mama, ukiitoa kwenye picha, itoe na majini." Nilikosa jibu. Tangu hapo ninakwenda na mfuko wa gunia. Ninazozifikia nazitoa, nazipandisha. Ninazozishindwa zinabaki kwenye picha kama zilivyo. Gunia moja kwa Jumamosi si kitu mbele ya mfereji mmoja wa Kadutu baada ya mvua, hilo nalijua.

Kuhusu Februari 2025: wiki tatu sikupiga picha yoyote ya maji. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Nilipofungua, wateja wangu wa kwanza hawakutaka paspoti. Walitaka nichape tena foto za zamani, za watu wao. Nilifanya hiyo kazi mpaka karatasi ikaisha.

Sasa nikueleze kuhusu mzee mmoja, simtaji. Anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimepiga kilima cha upande wenu, Kadutu, kutoka kwenye ghuba, asubuhi. Picha niliitundika kibandani kwa sababu ya rangi za mabati, mekundu, ya bluu, yaliyoshika kutu. Mzee alipita kuchukua foto ya kadi, akaiona. Akaniomba aishushe ukutani. Akaigeuza kichwa chini. Akatafuta kwa kidole polepole, akakiweka mahali, akanyamaza muda mrefu.

Ilikuwa nyumba yake. Mvua ya majira yaliyofuata iliiteremsha usiku, na Mungu ni mwema, watu walitoka wote, lakini nyumba na vyote vilivyokuwemo vilikwenda na udongo. Hana foto nyingine ya ile nyumba.

Na sikiliza hili, Mwalimu, wewe utalielewa. Sehemu ya juu ya picha ile nyumba haionekani. Kulikuwa na tawi la mti linaning'inia mbele yangu, lilikuwa limeifunika. Nilikuwa nimelichukia lile tawi. Nyumba iko kwenye kivuli tu. Kama ningepunguza maji nikabakiza kilima, kama wateja wanavyonitaka nifanye, mzee asingekuwa na kitu cha kuwekea kidole.

Nilimchapia kubwa. Yeye huitundika ikiwa imegeuzwa, maji juu.

Kwa hiyo ukiniuliza uzuri nauona wapi, mimi siutafuti mahali pasipo na shida, maana mahali hapo sipajui. Nauona palepale mlipo. Mabati yenu yanapata mwanga wa kwanza kabla ya villa za chini, mimi ninaona kutoka majini kila Jumamosi. Sikuandika uzi huu kusema mvua haiui. Niliandika kwa sababu nimeona kitu na kimenizidi.

mtoto_wa_Kadutu

Nimesoma. Aksanti Mama.

Nyumba yetu ina bati la kijani na dirisha moja lenye pazia ya njano. Jumamosi ukiwa majini, itafute.

Lava_Nyeusi (Goma)

Niingie kutoka Goma, na nina onyo, naomba watu walisome kabla hawajaja kwetu na kamera.

Mama Foto ameeleza vizuri: asubuhi mapema, bila upepo, inama karibu na maji. Kwa Bukavu ni sawa. Kwa Goma, upande wa magharibi kuelekea Mugunga, Bulengo, Sake, maneno hayohayo yanaweza kumuua mtu. Tuna mazuku. Ni gesi kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, inajikusanya kwenye mabonde madogo na mashimo kama maji kwenye beseni. Inajaa usiku na asubuhi, wakati uleule hakuna upepo wa kuitawanya. Mtu mzima akisimama hasikii kitu, mbuzi na mtoto wanaanguka. Mpiga picha akilala kifudifudi apate kivuli, naye ameshajiweka kwenye urefu wa mbuzi.

Kwa hiyo: uliza wenyeji, wao wanajua kila shimo. Usiende peke yako. Usishuke kwenye bonde lililokauka hata kama maji ya mbele yanakuita. Ukiona mjusi au ndege amekufa na hakuna jeraha, rudi juu haraka. Subiri jua lipande na hewa ianze kutembea, hata kama kivuli kitavunjika kidogo. Hakuna foto inayostahili uhai wa mtu.

Baada ya kusema hilo, sasa niwasifie kwetu. Ziwa la Kijani, lile dogo lililo ndani ya kreta njia ya Sake, limezungukwa na kuta zake, upepo haulifikii kirahisi, na rangi yake mtu wa Bukavu hawezi kuiamini mpaka aione. Nendeni na mwenyeji. Na ufukwe wa mjini wenye mawe ya lava: jiwe jeusi chini ya maji ndilo kioo bora, kwa sababu halirudishi mwanga wake wa chini. Kwenye mchanga mweupe kivuli kinachanganyika na rangi ya mchanga. Kwenye lava kinakaa chenyewe. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia mpaka ziwani. Nilikuwa mdogo, tulikimbia usiku. Leo nakwenda kwenye mawe hayohayo kupiga picha za mdiria, yule mweusi na mweupe anayesimama hewani akipiga mabawa kabla hajazama. Kuna sekunde moja ambapo mdomo wake na mdomo wa kivuli chake vinakaribia kugusana. Sijaipata bado. Nina mwaka wa tatu.

MamaFoto_Nyawera

Lava Nyeusi, nakushukuru kutoka moyoni. Sikuwa nimelifikiria kabisa, na mtoto wangu hulala kifudifudi kila tunapokwenda. Tukija Goma nitakutafuta kwanza.

Kalamu_ya_Shule

Swali dogo la lugha. Nyote mnasema "kivuli". Kwenye vitabu kuna "taswira", na kitenzi "kuakisi". Kivuli si ile giza ya jua?

Mwalimu_Fizikia

Darasani nasema kuakisi na taswira, na mtihani unataka hivyo. Nyumbani mama yangu alisema kivuli kwa vyote viwili, cha jua na cha majini, na hatukuchanganyikiwa hata siku moja. Mimi sioni sababu ya kumnyang'anya mtu neno lake. Kivuli kinakufuata, kinakujua. Taswira ni ya kwenye daftari.

Wa_Lushi

Salamu kutoka Lubumbashi. Hatuna Kivu huku, lakini tuna madimbwi!

Mwisho wa kiangazi mijakaranda inachanua mji mzima, barabara zinakuwa zambarau. Halafu mvua za kwanza zinashuka na maua yanaanguka, na kwa siku chache tu kila shimo la barabara lina maji, na ndani ya maji kuna mti wenye maua juu, na juu ya maji kuna maua yaliyoanguka ya mti uleule. Ua la chini na ua la juu mahali pamoja. Sasa nimeelewa kwa nini sikuweza kuyapata yote mawili wazi. Mwalimu aksanti, nami nilikuwa nimeilaumu lenzi.

Mji wetu una historia ya picha. Ile biyenale iliyoanza hapa mwaka 2008, ambayo Sammy Baloji ni mmoja wa waanzilishi wake, ilianza kwa jina la Picha, neno letu hilihili, na wageni wanalitamka hivyohivyo. Nilikwenda nikiwa mwanafunzi. Nilijifunza pale kwamba mtu wa hapa anaweza kuutazama mji wake mwenyewe kwa muda mrefu bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Ila niseme kama Lava Nyeusi: maji ya mashimo ya migodi yana rangi ya kijani na bluu inayovuta macho. Usiingize mkono, usipige magoti humo, mtoto asiyachezee. Piga ukiwa mbali.

mwana_sambaza

Baba yangu ni mvuvi, na mimi nimeshika kasia kabla ya kalamu. Nimengoja mtu aseme kuhusu usiku, naona hakuna.

Mama Foto, unakuja asubuhi wakati sisi tunarudi. Umeshaona mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu mbele na nyuma, kama panzi wa majini. Usiku tunawasha taa, sambaza wanafuata mwanga, tunateremsha wavu, tunangoja. Wakati wa mwezi mpevu hatupati kitu, maana samaki hawaikusanyikii taa mbingu ikiwa na taa yake. Kwa hiyo usiku wetu ni ule wa giza kabisa. Ukiwa pale katikati, kila taa ya kila mtumbwi inateremka majini kama nguzo ndefu inayokuja mpaka kwako. Wenzetu wakianza kuimba upande wa kisiwa cha Idjwi, unaona nguzo zinatetemeka.

Mwalimu, kwa nini taa inakuwa ndefu na haiwi duara?

Mwalimu_Fizikia

Kwa sababu maji hayajalala kabisa. Kila kiwimbi ni kioo kidogo kilichoinama kidogo tofauti na mwenzake. Vioo vingi kati yako na taa vinapata pembe ya kukutumia mwanga, vile vya pembeni mara chache. Kwa hiyo taa inavutika kuja kwako. Na mtu wa mtumbwi mwingine anaiona ikienda kwake. Kila mtu ana nguzo yake.

mwana_sambaza

Kila mtu ana nguzo yake. Nitamwambia baba.

Mama Foto, ukitaka, kwenye mwezi mchanga nikuulizie nafasi kwenye mtumbwi wa wazee. Uje na koti zito na koti la kuelea, bila hilo hawatakupakia.

MamaFoto_Nyawera

Nimekuja kuleta habari, maana niliahidi.

Kwanza, mtoto wa Kadutu: bati la kijani nimeliona Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili na dakika ishirini. Pazia la njano halikuonekana juu, mwanga ulikuwa mkali. Kwenye maji lilionekana. Nimekutumia sirini.

Pili, usiku. Nilikwenda juzi na wazee wa mwana_sambaza. Nilipiga karibu mia mbili, na nyingi hazifai. Mtumbwi haukai kimya hata sekunde moja, na kila nilipoiacha kamera wazi kwa muda mrefu zile nguzo zote za taa ziligeuka mikwaruzo. Stendi haina maana pale. Nikaamua kupiga karibu tu, kwenye mwanga wa taa yenyewe.

Kama saa nane usiku walizima mazungumzo. Mzee mmoja, aliyekuwa amevaa kofia ya ukingo mpana toka jioni, ambaye sikuwa nimeuona uso wake vizuri hata mara moja, aliinama juu ya maji kutazama kama sambaza wamekusanyika kiasi cha kuinua wavu. Kutoka nilipokaa nilikuwa naona kofia na mgongo. Upepo ulikuwa umekata. Nikatazama chini ya kofia, majini, na uso wake ulikuwa pale wote, umemulikwa na taa, macho wazi, midomo inahesabu. Sambaza wanapita ndani yake kama sindano.

Nikapiga mara moja. Kisha akasema "sasa", wakavuta wavu, uso ukavunjika.

Nimeuliza kama ananiruhusu niionyeshe hapa, amesema aione kwanza. Nimeichapa leo mchana. Kesho alfajiri nampelekea gatini wakirudi.

mwana_sambaza

Kesho tunafika mapema, kabla ya saa kumi na mbili. Nimemwambia. Amesema atavua kofia.